Taya la Chini

Tangu meno yake yaishe, Bibi alikuwa anachekea kiganjani. Zamani kicheko chake kilisikika mpaka nyumba ya tatu, na majirani wakajua kwamba leo kwa Bibi kuna mgeni mwenye maneno. Siku hizi mkono ulipanda wenyewe mdomoni kabla kicheko hakijatoka, na kilichobaki cha kuonekana ni mabega yakitikisika. Nilipokwenda likizo nikauona ule mkono, nilitoka uani nikajifanya naosha vyombo, nipate pa kulilia.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza meno. Si daktari. Daktari ndiye anayekutana na vinywa vya watu, mimi nakutana na mifano yake tu, mataya ya plasta yaliyopangwa rafuni na namba zake. Nilisomea chuoni, nikaajiriwa katika maabara ndogo nyuma ya kliniki, chumba chenye dirisha moja, harufu ya nta iliyoyeyuka, na vumbi jeupe linaloingia mpaka kwenye chai. Kazi hii inanifaa. Taya la plasta halikuulizi mbona husemi. Nyumbani wote wananiita Bi Kimya, jina alilonipa Mjomba nikiwa mdogo, siku nilipokaa mezani kutwa nzima na neno langu likawa moja tu, "asante".

Likizo hiyohiyo daktari wa zahanati ya mtaani kwa Bibi alimchukua vipimo vya kinywa, akanikabidhi mimi.

"Haya, mjukuu, kamtengenezee mwenyewe," aliniambia. "Ukimaliza mvishe, kisha umlete nimkague. Na usichelewe, bibi yako ameanza kupungua mwili kwa kunywa uji tu."

Nilikusudia kwenda taratibu. Aliyeniharakisha ni Mjomba.

Mjomba ni mpishi wa melini, mtoto wa kiume pekee wa Bibi. Huja nyumbani mara moja katika miaka kadhaa, meli yake ikipita karibu, na huja kwa siku moja. Safari hii alipewa Jumamosi, asubuhi hadi jioni. Mama yangu, Mama Mkubwa na Mama Mdogo wakakubaliana kwamba siku hiyo wote watakuwa kwa Bibi, na mpiga picha ataitwa alasiri, kwa sababu picha ya mwisho yenye watoto wote wanne pamoja na mama yao ilipigwa mimi sijazaliwa. Kila mtu alifurahi isipokuwa mwenye picha.

"Pigeni ninyi," Bibi aliniambia kwenye simu. "Mimi nitakuwa jikoni nawachemshia chai."

"Bibi, picha bila wewe ni ya nini?"

"Ile ya zamani inatosha, nina meno yangu yote. Sasa nitundikwe ukutani nimekunja mdomo kama mfuko wa kamba? Sitaki, mjukuu wangu. Labda uniletee meno."

Alisema kwa utani, akacheka. Sikuwa namwona lakini nilijua mkono wake ulikuwa wapi.

Nikaanza kufanya kazi baada ya saa za kazi. Mkuu wa maabara yetu, ambaye tunamwita Fundi Mkuu, alisema meno ya bibi yangu hayawezi kuwaruka wateja, lakini wateja wakishaondoka sufuria ya kuchemshia meno ni yangu. Wakati mwingine yeye naye alibaki, akijidai kutafuta miwani yake, akasimama nyuma yangu kimya. Meno yalikamilika Ijumaa alasiri. Basi la kwenda kwa Bibi huondoka asubuhi tu, likatembea kutwa nzima na sehemu ya usiku, kwa hiyo lingenifikisha Mjomba akiwa ameshaondoka. Ikabaki ndege, na ndege ambayo mshahara wangu ungeiweza ilikuwa moja, ile ya bei chee inayoondoka alfajiri.

Nilitangaza kwenye kundi la familia la simu. Mjomba akajibu kwa sauti, huku masufuria yakigongana nyuma yake.

"Ile ndege? Bi Kimya, wale wanakutoza hata pumzi! Ukitaka dirisha unalipia, ukitaka maji unalipia. Nasikia ukitaka ishuke nako unaongeza kidogo."

"Tena inatua porini," Mama Mkubwa akadakia. "Jirani yangu aliipanda. Nauli ya kutoka uwanjani hadi mjini ikakaribia tiketi yenyewe. Sasa unafuu uko wapi?"

"Atasimama njia nzima ameshika bomba," Mjomba akaongeza.

"Mwacheni mtoto aje," mama yangu akaandika.

Fundi Mkuu ndiye peke yake aliyenipa moyo. "Wewe unasafirisha meno," alisema. "Meno hayaombi kiti cha kulalia."

Masharti ya shirika yalikuwa makali lakini wazi: begi moja dogo, liingie chini ya kiti, na lisizidi uzito ulioandikwa kwenye tiketi. Nilililaza begi langu juu ya mizani ya maabara, ile tunayopimia unga wa plasta. Nguo ya kubadilisha, sweta, kipande cha msasa, na mataya mawili ya Bibi, kila taya na meno yake yamekaa juu yake ili yasipoteze umbo. Uzito ulikuwa sawa, tena ukabaki kidogo. Nikafurahi.

Kisha nikafanya kosa ambalo nadhani haliwezi kufanywa na mtu mwingine yeyote ila fundi wa meno.

Somo la kwanza alilonifundisha Fundi Mkuu ni kwamba meno mapya hayaachwi yakauke, kwa sababu yakikauka yanaweza kupinda. Kwa hiyo nilifunga kila taya kwa kitambaa kilicholowa. Nilipofika nyumbani nikaingiwa na wasiwasi, nikaongeza maji. Kabla ya kulala nikaongeza tena. Nilikuwa nawaza meno tu, sikuyawaza mataya. Na plasta kavu, jamani, ina kiu isiyo na mfano. Wanafunzi wanaokuja kwetu kujifunza kazi nawaambia mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Uwanjani kila kitu kilianza vizuri. Mlinzi wa mashine ya kukagulia mizigo alitazama skrini, akanitazama mimi, akarudi kwenye skrini, halafu akasema taratibu, "Pita, dada," kama mtu asiyetaka kujua zaidi. Lakini langoni, mbele ya mlango wa kutokea kwenda kwenye ndege, palikuwa na mizani nyingine, na nyuma yake amesimama dada mwenye sare ya kijani.

"Dada, begi limezidi."

"Kidogo tu," nilisema, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia vizuri.

"Mashine haijui kidogo. Lipia, au punguza."

Malipo ya uzito uliozidi yalikuwa makubwa kuliko tiketi yangu. Kwenye simu yangu ilibaki nauli ya kunifikisha kwa Bibi. Nilivaa sweta. Nilivaa nguo ya kubadilisha juu ya sweta. Begi likazidi bado. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kuguna. Nikatoa kifurushi kimoja, nikaona begi lenyewe limelowa na maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na hapo ndipo akili ikarudi.

"Plasta imekunywa," nilisema.

"Nani amekunywa?" dada wa langoni akauliza, uso umebadilika.

Kitambaa kiliteleza, na meno ya Bibi yakatokea juu ya kaunta, meupe, yamelowa, yakimtabasamia kila aliyekuwepo.

"Jamani!" sauti moja ikapaa kutoka nyuma ya foleni. "Huyo abiria mwingine ana tiketi?"

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani sakafu inimeze. Nikaanza kuyafunga tena, nikiwaza kwamba itabidi niviache vitu vyote pale, ama nibaki navyo, na kwamba leo alasiri watu watajipanga mbele ya kamera na Bibi atakuwa jikoni.

"Ni ya nani haya meno?" mtu akaniuliza karibu na sikio.

Alikuwa mwanamke mnene sana, au ndivyo alivyoonekana, amevaa gauni juu ya gauni hadi mikono haikuweza kulala ubavuni. Jina lake sikulijua, na mpaka leo moyoni namwita Mama Magauni.

"Ya bibi yangu," nilisema.

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Leo kuna picha. Watoto wake wote wapo, na amekataa kupigwa bila meno, na mjomba anaondoka jioni." Sikumbuki kama niliwahi kumwambia mgeni maneno mengi kiasi hicho.

Mama Magauni akanitazama, kisha akaitazama mizani kwa dharau. "Mwanangu, ndege hii mzigo haubebwi, unavaliwa. Unaniona nilivyonenepa? Nyumbani kwangu mimi ni mwembamba kama ufagio. Hapa nimevaa duka langu lote." Akainua gauni la kwanza, akainua la pili, akapapasa. "Ngoja, la tatu lina mfuko. Lete moja hilo."

Nikampa taya la juu. Likazama kwenye magauni, lisionekane tena.

"La pili nani ana mfuko mtupu?" akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuza sokoni. "Njooni jamani, ni meno tu, hayang'ati!"

Wengine walicheka, wengine wakaangalia simu zao. Kisha akasogea kijana mrefu mwenye koti na tai iliyokaa upande. Hakuwa na begi lolote. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mimi nina mikono tu," alisema. "Nipe, nitalishika."

Nikampa taya la chini, limefungwa kwa kitambaa chake, nikasema asante mara nyingi kupita kiasi. Muda wote huo dada wa langoni alikuwa ameukazia macho ukuta ambao haukuwa na kitu, si saa, si tangazo. Tulipotulia akageuka, akaliweka begi langu tena kwenye mizani.

"Sasa limekaa vizuri," alisema. "Mizani yangu inapima mabegi, haipimi mifuko ya watu." Aliponirudishia tiketi akaongeza kwa sauti ya chini, "Msalimie Bibi."

Kuhusu ndege yenyewe, Mjomba alikuwa na haki kwa baadhi ya mambo. Kiti hakikulala nyuma hata kwa kusukumwa. Magoti yangu yaligusa kiti cha mbele, na maji yalipita kwenye kigari yakiwa na bei. Kwa kuwa kuchagua kiti nako kulilipiwa, kompyuta ilitutawanya ilivyotaka: mimi nyuma kabisa, mlango wa choo ukinigonga bega, Mama Magauni katikati, na kijana wa tai mbele. Tulivyoharakishwa kuketi sikupata nafasi ya kudai mataya yangu, na kijana nilikuwa naona kisogo chake tu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Magurudumu yalipoachia ardhi nilikumbuka ile barabara ya basi, milima yake na vumbi lake, nikaiona chini yetu imelala kama uzi uliodondoka. Nikayafumba macho nikashukuru. Sikuwa na mtu maalumu wa kumshukuru, nikamshukuru Mungu, rubani, na Fundi Mkuu kwa mpigo mmoja.

Kwa kuwa sikuwahi kupanda, sikujua kwamba wa mbele hutoka kwanza, na kwamba mlango wa nyuma wao hawaufungui. Tulipotua, watu walisimama wote kwa pamoja, wakaziba njia, na mimi nikabaki nimeinamisha shingo chini ya kabati nikingoja. Nilipofika mlangoni sikuona tai popote.

Mama Magauni alikuwa ananingoja chini ya ngazi, anahema.

"Shika la juu," alisema, akilivua kutoka mfukoni mwake. "Limepata joto kidogo, lakini liko salama. Mwenzio yuko wapi?"

"Nilidhani yuko nawe."

"Yule wa tai? Mlango ulipofunguliwa tu alitoka kama aliyechomwa na kitu!"

Tukakimbia. Uwanja ule kweli ulikuwa porini, kama alivyosema Mama Mkubwa. Jengo lenyewe lilifanana na ghala, mlango wa kuingilia na wa kutokea inatazamana, ukishaingia umeshatoka. Nje palikuwa na jua kali, teksi chache, na basi la kwenda mjini ambalo tayari lilikuwa linatingishika, mlango ukijifunga. Kwenye dirisha la nyuma nikauona ukosi wa koti.

"Ni yule!" nilisema.

"Mwite basi!"

"Simjui jina."

"Basi ita unachokijua, mwanangu, gari linaondoka!"

Mimi ni mtu ambaye nikipita kituo changu kwenye gari huwa nashuka kinachofuata, nikarudi kwa miguu, kuliko kumwambia dereva asimame. Nilifungua mdomo. Nilichosikia kikitoka hakikufanana na sauti yangu.

"Meno ya bibi yangu! Wewe wa tai! Una meno ya bibi yangu!"

Madereva wa teksi wakageuka. Mzee aliyekuwa anafunga begi akaacha zipu katikati. Basi lilifunga breki, nyuso zikajaa madirishani, na katikati ya nyuso hizo nikamwona kijana wa tai ameinuka, anatazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ameukuta kwa mtu mwingine.

Aliteremka mbio. Kifurushi kilikuwa bado kiganjani mwake, na vidole vyake vilichukua muda kufunguka.

"Nisamehe sana, dada," alisema. "Wallahi sikukusudia. Mimi ndege naiogopa kuliko kitu chochote. Kila ilipotikisika nililibana. Tulipofika chini nikawa nimesahau kwamba si sehemu ya mkono wangu." Akanionyesha kiganja. Mstari wa meno ya Bibi ulikuwa umejichora pale, jino kwa jino. "Tazama kama sijalivunja."

Nilifungua kitambaa. Taya lilikuwa zima, kitambaa bado kina unyevu, na meno yote yamekaa mahali pake. Nikacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Si ungepanda basi tu?" Mama Magauni akamuuliza. "Mtu mwoga hivi anatafuta nini angani?"

"Mke wangu amejifungua juzi," kijana alisema. "Basi lingenichelewesha siku nzima zaidi, na ndege nyingine sina uwezo nayo." Akalitazama taya mkononi mwangu. "Mwanangu naye hana hata jino moja. Ila yeye ataota ya bure."

Dereva akapiga honi. Kijana alikimbia kurudi ndani, akatupungia kwa ule mkono wenye alama, na basi likaondoka.

Pembeni ya barabara Mama Magauni alikuwa ameanza kujivua magauni, moja baada ya jingine, na shemeji yake aliyekuja kumpokea kwa pikapu akiyapokea na kuyalaza nyuma. Alipomaliza alikuwa kweli mwembamba kama ufagio. Aliniuliza kwa Bibi ni upande gani, nikamwambia, akasema wao wanapita hukohuko. Baadaye niligundua hawakuwa wanapita huko hata kidogo, kwa sababu niliposhuka, pikapu iligeuza na kurudi ilikotoka. Nauli yangu aliikataa.

"Ninunulie gauni siku nyingine," alisema. "Hilo ulilovaa juu ya sweta halikupendezi."

Mjomba alikuwa kibarazani. Mvi zimemwingia kichwani, lakini mdomo ulikuwa uleule.

"Bi Kimya! Kumbe ilishuka! Ulilipia kushuka?"

Mama zangu wakanikumbatia wote kwa zamu, na kila mmoja akauliza kwa nini nimevaa nguo zangu zote. Nilimshika Bibi mkono, tukaingia chumbani kwake, nikafunga mlango.

Meno hayavishwi mbele ya watu. Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda, mimi nikapiga magoti mbele yake. Niliyaosha meno, nikayaweka ya juu. Yakakaa kwa jaribio la kwanza, kama yaliyokuwa safarini yakarudi kwao. Ya chini yakagusa upande wa kushoto, Bibi akakunja uso. Nikayatoa, nikasugua kwa msasa pale palipong'ang'ania, nikayarudisha. Uso bado. Nikasugua tena, kidogo sana. Mara hii Bibi alifunga kinywa na nikasikia mlio mdogo wa meno kukutana, mlio ninaousikia kila siku kazini kwenye plasta, lakini sikuwahi kuusikia kwa mtu ninayempenda.

"Sema kitu, Bibi."

"Niseme nini?"

"Chochote. Chenye 'sa'."

"Sasa sitasema sana," Bibi alisema, na kila neno likatoka limesimama wima.

Nikampa kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, na mimi nikaanza kuogopa. Kisha akasogeza kioo karibu, akanyanyua mdomo wa juu kwa kidole.

"Umeacha mwanya," alisema.

"Nilikuwa na ile picha yako ya zamani. Fundi Mkuu alitaka niuzibe, alisema si desturi ya maabara. Nikamwambia bibi yangu anao."

"Ulimwambia? Wewe?"

"Nilimwambia."

Bibi alikilaza kioo kitandani, akanishika mashavu yote mawili kwa viganja vyake, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mtoto nikitoka kuoga. "Babu yako aliniposa kwa sababu ya huu mwanya," alisema. "Nilidhani nimezika vyote viwili."

Mpiga picha alikuja alasiri, akapanga viti kibarazani. Bibi akawekwa katikati, watoto wake wanne nyuma yake, mimi chini karibu na magoti yake. Lakini midomo ya Bibi ilikuwa imefungwa, imebanwa kabisa. Mazoea ya miaka hayaondoki kwa mchana mmoja.

"Bibi, tabasamu kidogo," mpiga picha alibembeleza.

Bibi akabana zaidi. Mama Mdogo akasema, "Mama, tuonyeshe basi." Mama Mkubwa akasema asilazimishwe. Jua lilikuwa linaanza kushuka upande wa pili wa ukuta, na begi la Mjomba lilikuwa tayari mlangoni.

Mjomba alinitazama kutoka juu. Sijui kama alikusudia au ni ule mdomo wake tu.

"Hebu, Bi Kimya, kabla sijaondoka," alisema. "Niambie ukweli wa Mungu. Ile ndege ya bei chee inafaa, au haifai?"

Wote walitarajia nijibu "ndiyo" au "hapana" na niishie hapo, kama siku zote. Nikageuka, nikaanza. Niliwaambia habari za mizani. Niliwaambia plasta ilivyokunywa na dada wa langoni alivyouliza ni nani aliyekunywa. Niliwaambia abiria asiye na tiketi, na gauni la tatu lenye mfuko, na kijana aliyesahau kwamba si mkono wake. Mama yangu alikuwa ameshika kifua. Mpiga picha mwenyewe aliacha kamera ikining'inia shingoni, akavuta kiti.

"Sasa ulimwitaje na jina humjui?" Mjomba akauliza.

"Niliita nilichokijua."

"Uliitaje?"

Nilisimama pale kibarazani, nikaugeukia ukuta kana kwamba ndilo lile basi, nikaita kama nilivyoita, kwa nguvu zote.

"Wewe wa tai! Una meno ya bibi yangu!"

Kilichofuata sikukiona, kwa sababu nilikuwa nimempa Bibi mgongo. Nilikisikia. Kilianzia chini, mahali ambapo kilikuwa kimefungiwa muda mrefu, kikapanda, kikapasuka, kikaruka ukuta. Nikageuka. Mkono wa Bibi ulikuwa umeanza kupanda wenyewe kwenda mdomoni. Ukafika kifuani. Ukasimama pale kama umesahau ulikokuwa unakwenda, na Bibi akacheka mdomo wazi, mwanya nje, machozi yakimtiririka, na nyuma yake Mjomba ameegemea bega la Mama Mkubwa hajiwezi.

Mpiga picha aliwahi. Kwenye picha hiyo hakuna hata mmoja anayetazama kamera, na mimi nimesimama pembeni mdomo wazi na nguo mbili mwilini. Mama Mkubwa alitaka irudiwe ili watu wakae vizuri. Bibi akakataa.

"Hii hii," alisema.

Kutoka nyumba ya tatu mtu aliita juu ya ukuta kuuliza leo kwa Bibi kuna mgeni gani. Bibi akamjibu mwenyewe, kwa sauti, kwamba ni mjukuu wake, amekuja kwa ndege.